Uliza Fundi: Git, Subversion na Kazi Iliyofutwa na Mwenzio

Safari hii barua nyingi zimegusa jambo moja: watu wanafanya kazi pamoja, mafaili yanapishana, kazi ya mmoja inafuta ya mwengine. Nimeziweka pamoja. Baadhi nimezifupisha lakini swali nimeliacha kama lilivyokuja.

Assalam aleikum fundi. Sie ni walimu watatu, tunakusanya majina ya samaki na maelezo yake, tunataka yawe kijitabu cha wanafunzi. Tunatumiana faili la Excel kwa WhatsApp. Mwenzetu mmoja alifungua faili la zamani akaongeza yake akatuma, sie tukaendelea na hilohilo, kumbe yote tuliyorekebisha kabla yamepotea. Sasa tuna samaki mpya, samaki mpya kabisa na samaki MWISHO na hatujui lipi ndo lipi. Kijana mmoja katwambia tutumie Git. Ni kitu gani, na tunalipia? – Mwalimu wa skuli, Wete

Waaleikum salaam Mwalimu wangu, kwanza poleni, manake kazi ya kukaa na wavuvi mkaandika neno mojamoja haifanyiki mara ya pili kwa moyo uleule. Kuhusu malipo hamlipii chochote, na huyo kijana kakwambieni kweli.

Git ni programu inayotunza historia ya folda. Mnachagua folda, mnaiambia Git iishike, kisha kila mkimaliza kipande cha kazi mnapiga komiti, yaani mnaweka alama kwamba hapa tulipofika faili lilikuwa hivi, kalibadilisha fulani, tarehe hii saa hii, na sababu ni hii. Faili linabaki moja na jina lake lilelile, tuseme samaki.csv, hakuna tena samaki MWISHO, na ya jana na ya mwaka jana yote yamo humohumo ndani unayaita unapoyataka. Folda yenye historia namna hiyo mafundi wanaiita ripo, mie hapa ntaiita ghala.

Sasa tuje kwenye lile lililokufikeni. Kwa WhatsApp mtu akituma faili la zamani linapita tu, hakuna wa kumzuia, na nyinyi mnalipokea mkidhani ndo jipya. Kwenye Git haliwezi kupita kimyakimya. Mwenzenu akitaka kupeleka kazi yake kwenye ghala la pamoja anapiga `git push`, na kama kule kuna mabadiliko ambayo yeye hanayo basi anakataliwa palepale, anaambiwa avute kwanza ya wenzake. Anapiga `git pull`, ya wenzake yanaingia, Git inayaunganisha na yake, ikiwa yeye kagusa mstari wa changu na nyinyi mmegusa wa nguru huko chini basi inamaliza yenyewe na kazi ya kila mtu inabaki. Ikiwa mmegusa mstari mmoja, hapo ndo inasimama, inaiweka mistari yote miwili ndani ya faili, wako juu wa mwenzio chini, katikati imepiga alama za usawa, inangoja nyinyi mkae mkubaliane. Mie naipenda khasa tabia hii. Haijifanyi inajua samaki kuliko walimu.

Na baadae mtu akiuliza nani kabadilisha na kabadilisha nini, mnapiga `git log -p samaki.csv` na mnaoneshwa hivi:

```
-tasi,samaki mdogo wa mwambani
+tasi,samaki wa kwenye majani ya bahari. Miba yake ina sumu
```

Alama ya kutoa ni mstari uliotoka, alama ya kujumlisha ni ulioingia, na juu yake jina la aliyefanya, tarehe, na maneno aliyoyaandika alipokuwa anakomiti. Hayo maneno msiyafanyie uvivu. "Nimebadilisha" haimsaidii mtu, hilo Git inalijua tayari. Andikeni "maelezo ya tasi yamerekebishwa baada ya kuzungumza na wavuvi wa Wesha", ili mwakani mwalimu mwengine akija akitaka kurudisha yale ya mwanzo ajue kwanini yaliondolewa na ajue pa kwenda kuuliza.

Jambo moja la lazima, msiweke faili la Excel lenyewe. xlsx na docx kwa ndani ni mafaili mengi yamebanwa pamoja, Git italitunza vizuri na utaweza kurudi kwenye toleo la zamani, lakini haitakuonesheni mstari uliobadilika wala haitaweza kuunganisha kazi ya watu wawili, kwa hiyo nusu ya faida imekwenda. Hifadhini kama CSV UTF-8, yaani maandishi matupu ambayo Git inayasoma, Excel yenyewe ina hiyo njia kwenye Save As, kila samaki mstari wake. Mtafungua kwa Excel kama kawaida.

Kuanza si kuzito. Mmoja wenu anaingia kwenye folda anapiga `git init`, kisha `git add samaki.csv`, kisha `git commit -m "orodha ya mwanzo"`. Kama amri za kuandika zinakutisheni na mnatumia Windows, shusheni TortoiseGit pamoja na Git yenyewe, inakaa kwenye menyu ya kubofya kulia, mnakomiti kwa kubofya. Ghala la pamoja mnaweza kuliweka kwenye tovuti kama GitHub au GitLab, lifungeni liwe la watu watatu tu mpaka kitabu kitoke. Na yale mafaili yenu ya zamani msiyafute, yapangeni kwa tarehe, komitini moja baada ya jengine kuanzia la zamani kabisa, mkifika mwisho mtaona wenyewe ni hatua ipi iliyoondoa yale marekebisho yenu na mtayarudisha.

Fundi vp, niko field kwa jamaa wanaotengeneza mifumo, wamenipa adresi ya Subversion nichukue kodi yao, yale maandishi ya programu. Nikapiga svn checkout na ile adresi, ikashusha ikashusha mpaka bando langu lote la wiki likaisha na haikumaliza. Halafu rafiki zangu wananambia svn imekufa nisijifunze. Nifanyeje? – Mwanafunzi, Tunguu

Pole mdogo wangu, bando lako limeliwa na jambo dogo ambalo walitakiwa wakwambie siku ya kwanza.

Subversion, kwa kifupi svn, nayo ni programu ya kutunza historia kama Git. Ghala lake kwa desturi lina folda tatu juu, `trunk` ndo kazi inayoendelea, `branches` ni matawi ya majaribio, na `tags` ni matoleo yaliyokwishatoka. Ndani ya seva hizo tags hazili nafasi yoyote ya maana kwa sababu ni nakala za rejea tu, lakini ukizishusha kwako kila moja inakuja kama folda kamili. Mradi wenye matoleo thalathini maana yake unashusha mradi mzima mara thalathini, na matawi juu yake. Wewe umechukua adresi ya juu kabisa. Ongeza `/trunk` mwisho wa adresi, uchukue hiyo peke yake.

Na kabla hujashusha chochote, chungulia. `svn ls` na adresi inakuorodheshea yaliyomo bila kuyashusha, na kama unatumia TortoiseSVN, ile ya kubofya, kuna Repo-browser, unafungua folda moja moja kwa macho mpaka uone unachokitaka. Ukihitaji folda moja tu ndani ya trunk, Subversion inakuruhusu kuchukua hiyo moja, ni haki ambayo Git haikupi kwa urahisi namna hiyo. Au piga `svn checkout --depth immediates`, uletewe kiunzi cha juu, kisha kile unachokihitaji ukijaze kwa `svn update --set-depth infinity` na jina la folda.

Na usianze upya! Subversion ikikatika katikati, ingia kwenye ile folda upige `svn cleanup` kisha `svn update`, inaendelea pale ilipoishia. Wewe lakini ile ya kwanza iache maana ni ya adresi isiyo sahihi, chukua trunk kwa upya kwenye folda nyengine. Nakwambia hili kwa sababu Git ni kinyume chake, `git clone`, yaani kushusha ghala zima na historia yake, ikikatika kwenye asilimia tisini unarudi sifuri, kwa hiyo kwa mtandao wa kusuasua anza na `git clone --depth 1` uchukue hali ya leo tu, historia utaivuta kidogokidogo baadae kwa `git fetch --deepen=100`.

Haya, imekufa? Hapana. Subversion ilianzishwa mwaka 2000 na kampuni ya CollabNet kuchukua nafasi ya CVS, chombo cha zamani cha kazi hiyohiyo ambacho kilikuwa kimechoka, toleo la 1.0 likatoka 2004, na tangu 2010 ni mradi kamili wa Apache Software Foundation, taasisi ya programu za kodi wazi. Ni kweli miradi mingi imehamia Git, sikufichi, na ukiwa na muda wa kujifunza kimoja tu jifunze Git. Lakini leo hii ukitengeneza plagini, yaani kiongezo, ya WordPress, ile programu ya kutengenezea tovuti, ukataka iingie kwenye orodha yao rasmi unaipeleka kwa Subversion, na Apache wenyewe wanatoa matoleo yao kupitia Subversion. Ofisi nyingi zina ghala la miaka kumi na tano humo na hazina sababu ya kulihamisha. Anayejua kuingia kwenye ghala la aina yoyote hakai bila kazi.

Tofauti yenyewe ni hii. Subversion ni kama daftari moja la duka lililoko kaunta, kila mtu anakwenda kuandika hapohapo, na namba za matoleo zinakwenda kwa mfuatano, 1, 2, 3, mpaka 5,000 na kuendelea. Git kila mfanyakazi ana daftari zima nyumbani kwake, tangu ukurasa wa kwanza, wakikutana wanalinganisha, na kwa sababu hakuna kaunta moja ya kutoa namba kila komiti inapewa alama ndefu ya herufi na tarakimu 40 inayotokana na yaliyomo ndani yake. Ukiwa huna mtandao, kwa Subversion unaweza kuendelea kuandika lakini huwezi kukomiti wala kusoma historia. Kwa Git unaweza vyote. Na ukitaka kufanya kazi kwa Git juu ya ghala la Subversion la hao jamaa, kuna `git svn`, lakini ungoje uzoee kwanza.

Fundi, mie ni mtu mzima nna duka la kuchapisha, wanangu wameniwekea hii Git kwa mafaili ya wateja. Naambiwa ni ya bure na mwenyewe hajulikani. Kitu cha bure kesho wakiamua kukifunga sie tutakwenda wapi? – Mfanyabiashara, Darajani

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndo swali lililoizaa hiyo Git yenyewe.

Wanaotengeneza Linux, ule moyo wa mfumo unaoendesha simu za Android na seva nyingi duniani, tangu 2002 walikuwa wanatunza kazi yao kwa programu inaitwa BitKeeper. Haikuwa yao. Ilikuwa ya kampuni, kampuni ikawapa waitumie bure kwa masharti, na wengine wakapinga tangu mwanzo wakisema kazi ya watu wote haifai kutegemea hisani ya mtu mmoja. Mwaka 2005 pakatokea ugomvi na kampuni ikaiondoa ile ruhusa ya bure. Maelfu ya mafaili, watu wametawanyika kila bara, na chombo kimeondoka. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akaacha mengine yote akakaa kuandika chombo chake, akaanza mwanzoni mwa Aprili, na tarehe 7 Aprili 2005 Git ilikuwa tayari inajitunza yenyewe kwa yenyewe. Julai mwaka huohuo akamkabidhi Junio Hamano, na yeye ndo kaisimamia miaka yote hii.

Kwa hiyo mwenyewe anajulikana, na si mmoja. Kodi iko wazi chini ya leseni ya GPL toleo la 2, ambayo inampa kila mtu haki ya kuitumia, kuisoma, kuibadilisha na kuigawa, na haki hiyo ukishapewa na nakala yako hainyang'anywi. Wakisimama wote kesho, ile iliyomo kwenye kompyuta yako dukani itaendelea kufanya kazi. BitKeeper yenyewe nayo ilifunguliwa kodi yake 2016, lakini watu walishakwenda zao.

Kinachoweza kufungwa mzee wangu ni kitu chengine, nacho ni ile tovuti mnayowekea. GitHub si Git. GitHub ni kampuni, Microsoft waliinunua 2018 kwa dola bilioni 7.5, na kampuni inaweza kubadilisha masharti au kufunga mlango. Google walikuwa na huduma kama hiyo, Google Code, wakaifunga Januari 2016, na waliokuwa hawana nakala kwao walihangaika. Waulize wanao, ghala lote limo kwenye kompyuta ya dukani na historia yake? Na kuna nakala nyengine kwenye diski isiyokaa dukani, ikitokea moto au maji? Kama jibu ni ndiyo kwa yote mawili basi hata tovuti ikifungwa asubuhi, mchana mnahamia nyengine na hamjapoteza herufi.

Ofisi yetu tunachora michoro ya kukarabati nyumba za Mji Mkongwe. Faili moja la mchoro ni MB 200 na zaidi, na watu wanne wanaligusa. Git imekataa. – Mchoraji, Vuga

Git yenyewe haijakataa dada yangu, waliokataa ni GitHub, wao hawapokei faili linalopita MB 100. Lakini hata wangepokea nisingekushauri, kwa sababu michoro haiunganishiki. Watu wawili wakichora ukuta mmoja hakuna programu itakayochanganya kazi zao ikatoka nyumba. Na kwenye Git ya kawaida kila anayekloni anabeba matoleo yote ya hiyo MB 200 tangu siku ya kwanza.

Kwa ofisi yenu nasema Subversion bila kusita. Wekeni seva moja hapohapo ofisini, mpite kwenye waya wa ndani, na kila faili la mchoro mlitie sifa ya `svn:needs-lock`. Kuanzia hapo faili likifunguliwa linakuwa la kusoma tu. Anayetaka kuchora anachukua kufuli kwanza kwa `svn lock`, wenzake wanaona jina lake na ujumbe alioacha, "narekebisha dari ya ghorofa ya pili", na hawawezi kukomiti mpaka aliachie. Akikomiti kufuli linaachiwa lenyewe. Akienda likizo nalo, wengine wanaweza kulivunja kwa nguvu, ila wekeni makubaliano nani anaruhusiwa, la sivyo mtagombana. TortoiseSVN inafanya yote haya kwa kubofya na mafaili yanakuwa na vialama, tiki ya kijani hujagusa kitu, mshangao mwekundu umebadilisha na hujakomiti. Na majengo yale yako kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, mtu atakuja kuuliza mlango huu ulikuwaje kabla hamjaugusa, ni vizuri mchoro wa kabla uwepo na tarehe yake.

Git nayo ina njia ya mafaili makubwa, Git LFS, na ina kufuli pia. Ni nzuri kama tayari mko kwenye Git. Nyinyi hamko.

Fundi mie niko Micheweni, mwenzangu yuko Unguja, tunatengeneza programu ya kumbukumbu za madrasa. Mtandao huku ukija unakuja usiku, na siku nyengine hauji. Tutafanyaje Git? – Kijana wa Micheweni

Hapa ndo Git inapong'ara, na nashangaa watu hawaelezwi.

Kuna amri inaitwa `git bundle`. Inachukua ghala zima na historia yake inalifunga kwenye faili moja. Wewe unapiga `git bundle create safari.bundle --all`, unalitia kwenye flashi, unampa mtu anayepanda meli Mkoani. Mwenzio Unguja akilipata anapiga `git clone safari.bundle`, basi, kapata kila kitu, komiti zote, majina yote, kama aliyeshusha kwa mtandao.

Mara ya pili huna haja ya kupeleka ghala zima. Ukishatuma weka alama, `git tag -f imetumwa`, ili ukumbuke mwisho wa ulichotuma. Ukifanya kazi wiki nzima, unafunga yale mapya tu:

```
git bundle create mpya.bundle imetumwa..main
```

Mara nyingi faili la namna hiyo ni kilobaiti chache, kwa sababu ni maandishi tu yaliyobanwa, hata ule mtandao wa usiku unalibeba ukalituma WhatsApp kama dokumenti. Mwenzio kabla hajaliingiza anapiga `git bundle verify mpya.bundle`, kama kuna kipande cha katikati kilipotea njiani inamwambia moja kwa moja kwamba anakosa komiti fulani, atakurudia uitume. Likiwa zima anapiga `git pull mpya.bundle main`. Na yeye akifanya kazi anakufungia yake vilevile. Hiyo `main` ni jina la tawi, yaani mkondo wa kazi yenu, na ikiwa lenu linaitwa `master`, andikeni hilo.

Angalieni mambo mawili. Bundle haina siri yoyote, anayeiokota flashi anaifungua, na ndani kuna kumbukumbu za watoto wa madrasa, kwa hiyo kodi ya programu iende kwenye Git lakini majina ya watoto yasiingie humo kabisa, yakae kwenye faili la pembeni ambalo jina lake mmeliandika ndani ya `.gitignore`, orodha ya mafaili ambayo Git haiyagusi. Na la pili, komitini kila siku hata kama hamtumi. Umeme ukikatika katikati ya kuandika unapoteza ulichokuwa hujahifadhi, lakini iliyokwisha kukomitiwa iko pale.

Nimepushi paswedi ya database kwenye ghala la wazi. Nimeifuta na nimekomiti tena. Niko salama? – Msomaji, Chake Chake

Hapana. Kufuta kwenye komiti mpya hakufuti kwenye ya zamani, hiyo ndo kazi ya Git, na kuna programu za wezi zinazopita kwenye maghala ya wazi saa zote kutafuta vitu kama hivyo. Badilisha paswedi yenyewe sasa hivi kabla hujamaliza kusoma. Ukishabadilisha, ile ya zamani haifungui kitu na hofu imekwisha. Baada ya hapo ukitaka kuisafisha historia tumia `git filter-repo`, lakini ujue inaandika upya komiti zote tangu pale, kila mwenye nakala itabidi akloni upya, na aliyekwishachukua nakala jana huwezi kumnyang'anya. Wengi wakishabadilisha paswedi wanaacha historia kama ilivyo.

Git inakaa kwenye simu? Sina kompyuta. – Msomaji wa kike, Mwanakwerekwe

Inakaa mdogo wangu. Kwenye Android shusha Termux, programu ya kuandikia amri, ichukue F-Droid, duka la programu za kodi wazi, fungua uandike `pkg install git`, na amri za kawaida za Git nilizozitaja juu zinafanya kazi vilevile. Kuandika kwa kidole kunachosha, lakini kwa kujifunza komiti, log, push na pull simu inatosha kabisa, na ukikopa kompyuta ya mtu siku moja unakloni ghala lako unaendelea ulipoishia. Anza na faili moja la maandishi, hata liwe orodha ya masomo yako, ukwame kisha uniandikie umekwama wapi.